Rozimari inayokauka huku ndoo imejaa maji

"Shikamoo mtaalamu. Naishi Nzuguni, Dodoma, na hii ni rozimari ya tatu kunifia ndani ya mwaka mmoja. Niliinunua kwa wauza miche wa pembeni mwa barabara ikiwa ya kijani kabisa, urefu kama sentimita 30. Nikaihamishia kwenye ndoo ya rangi ya lita 20 niliyoitoboa tundu moja katikati, chini nikaweka kokoto ili maji yatoke, juu udongo mweusi tulioletewa na gari, nikachanganya na samadi ya ng'ombe. Ndoo iko barazani kwenye kivuli maana jua la huku ni kali. Namwagilia maji ya kisima asubuhi na jioni. Baada ya wiki tatu ncha za majani zikawa kahawia, nikaongeza maji. Sasa majani yanapukutika ukigusa tu. Jirani ananiambia rozimari ni mmea wa baridi, wa Lushoto na Arusha, nisijisumbue nayo Dodoma. Naitaka kwa kupikia na kwa nywele. Nakosea wapi?"

Marahaba, mwanangu, na pole kwa miche hiyo mitatu. Nimelisoma swali lako mara mbili, na kilichonigusa ni kwamba hukuzembea hata kidogo. Umemwagilia, umetia samadi, umeikinga na jua, hadi kokoto za chini umezifikiria. Ungeufanyia mchicha hayo yote, ungevuna. Lakini rozimari si mchicha, na karibu kila ulichoifanyia kwa wema kimeisogeza kwenye kifo. Kwa maelezo uliyonipa, mmea wako haufi kwa ukame wa Dodoma. Unakufa kwa kuzama.

Najua ni vigumu kulikubali hilo ukiwa umesimama mbele ya mmea mkavu. Basi nikueleze kinachotokea ndani ya hiyo ndoo, kwa sababu ukishakielewa hutahitaji mtu wa kukupangia ratiba ya kumwagilia.

Mzizi ni kitu hai, nao hupumua. Udongo mzuri una vijitundu vingi, baadhi vimejaa maji na baadhi hewa, na mzizi hupata oksijeni humo ili uwe na nguvu ya kufyonza maji. Ukimwagilia asubuhi, na kabla maji hayajapungua ukaongeza jioni, vijitundu vyote hujaa na hewa hutoka. Mizizi midogo myembamba kama uzi, ambayo ndiyo inayokunywa hasa, huanza kufa. Ikifa, vimelea vya uozo vinavyopenda udongo uliolowa, wataalamu wanaviita Pythium na Phytophthora, huingia na kumalizia iliyobaki. Hapo mmea unakuwa umekaa ndani ya maji lakini hauna mdomo wa kuyanywa. Majani yanakauka, yakianzia kwenye ncha, kwa sababu huko ndiko maji hufika mwisho. Wewe unaona kiu, unaongeza maji. Ulipoandika "nikaongeza maji" ndipo nilipojua kilichoua na ile miwili ya kwanza.

Kuna jambo jingine linalowapoteza wengi. Nyanya ikiwa na shida mizizini hulegea, majani yananing'inia, nawe unashtuka mapema. Rozimari haikupi onyo hilo. Jani lake ni gumu kama sindano, kingo zake zimejikunja kuelekea chini, na upande wa chini limejaa vinywele vyeupe vinavyofunika matundu ya kupumulia ili unyevu usipotee ovyo. Jani la namna hiyo halina cha kulegea. Husimama vilevile hata mizizi ikiwa imeshaoza, na mpaka uone kahawia, tatizo limekwisha kukaa siku nyingi.

Sasa jirani yako. Ni kweli rozimari inastawi Lushoto na Arusha, ila si kweli kwamba inahitaji baridi. Asili yake ni nchi zinazoizunguka bahari ya Mediteranea: Uhispania, kusini mwa Ufaransa, Italia, Moroko, Algeria. Huko inaota kwenye vilima vya mawe, udongo haba, na majira ya joto hupita miezi kadhaa bila mvua ya maana. Dodoma iko mita 1,100 na kidogo juu ya usawa wa bahari, inapata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, kisha kiangazi kirefu. Rozimari ikiletwa hapa haishangai ukame, inaujua. Usiku wa Juni na Julai wenye kijibaridi nao unaipendeza.

Tofauti iliyopo ni moja, na ndiyo unayopaswa kuikumbuka. Kwao mvua hunyesha wakati wa baridi. Kwetu hunyesha wakati wa joto. Udongo ukiwa na joto, mizizi hupumua kwa kasi zaidi, na maji ya uvuguvugu yana oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi, kwa hiyo kukosa hewa kunaua haraka. Ndiyo maana msimu wa hatari kwa rozimari hapa Dodoma ni Januari na Februari, si Oktoba. Watu wanaihurumia Oktoba jua linapowaka, kisha mvua zikianza wanashusha pumzi na kuisahau. Mimi nafanya kinyume chake: mvua zikishika, vyungu vyangu vyote vya rozimari nahakikisha havina kisahani chini, na kama inanyesha siku tatu mfululizo navisogeza chini ya ukingo wa bati.

Turudi kwenye ndoo. Tundu moja katikati ya kitako, ndoo imekaa juu ya sakafu ya saruji iliyosawazishwa, maana yake umelifunga kwa mkono wako mwenyewe. Toboa matundu sita au saba, mengine yawe ubavuni, sentimita mbili tu kutoka chini, na uipandishe ndoo juu ya vipande vitatu vya tofali ili hewa ipite.

Na zile kokoto za chini zitoe. Najua kila mtu anaziweka, na mwanzoni nami nilifundishwa hivyo, lakini zinadhuru. Fanya jaribio hili jikoni. Loweka sponji ya kuoshea vyombo, ishike ikiwa imelala juu ya viganja, subiri mpaka iache kudondosha. Kisha isimamishe wima. Itadondosha tena, bila wewe kuikamua. Maji hutoka kwenye udongo kwa namna hiyohiyo: kimo cha udongo ndicho kinachoyasukuma, na daima hubaki tabaka la chini lililolowa ambalo halitoki. Ukijaza kokoto chini, hukuliondoa tabaka hilo, umelipandisha juu karibu zaidi na mizizi. Jaza udongo mmoja kuanzia chini hadi juu. Kwenye matundu weka kigae au kipande cha neti ya dirisha, basi.

Udongo wenyewe ndio hasa mwuaji. Ule mweusi unaoletwa na magari huku kwetu mara nyingi umechimbwa mbugani, yaani kwenye mabonde tambarare yanayotuamisha maji. Chukua ngumi moja, uuloweshe, uviringishe kama uzi wa chapati kabla ya kukunja. Ukikunjika ukawa pete bila kukatika, ni mfinyanzi, na ukikauka utapasuka mistari. Mbuga ni nzuri kwa mpunga kule Bahi. Kwa rozimari ni kaburi. Tafuta ule udongo mwekundu wa kichanga ulio kwenye viwanja vingi vya Dodoma, changanya ndoo mbili zake na ndoo mbili za mchanga mnene wa korongo, ule wa kujengea, na ndoo moja ya mboji iliyooza ikawa nyeusi na haina harufu ya kinyesi. Huna mchanga wa kutosha, ponda tofali za kuchoma zilizovunjika, chenga zake zinafaa sana. Mchanganyiko ukiwa sawa, ukimwaga maji juu yanazama papo hapo na kutokea chini ndani ya dakika moja au mbili.

Samadi mbichi usiirudie. Ina chumvi nyingi, inashika maji, na kwa Dodoma inaita mchwa, ambao wakishamaliza samadi huhamia kwenye shina. Rozimari inakula kidogo. Ukiishibisha mbolea ya naitrojeni inarefuka, inakuwa laini, na harufu inapungua, wakati harufu ndiyo uliyoifuata.

Umetaja kisima, na hapa siwezi kukupa jibu moja la uhakika nikiwa mbali. Visima vingi vya mjini na pembezoni mwa Dodoma vina chumvi. Chumvi hukausha ncha za majani kwa rangi ileile ya kahawia, ingawa njia yake ni nyingine. Umewahi kutia chumvi kwenye kitunguu cha kachumbari ukaona kinavyotoa maji? Maji hukimbilia upande wenye chumvi nyingi. Udongo ukijaa chumvi, mzizi mzima kabisa, usiooza, unashindwa kuvuta maji kwa sababu udongo nao unayavuta. Na kumwagilia kidogokidogo kila siku ndiyo njia ya haraka ya kuijaza, maana maji hupaa na chumvi hubaki, kama ule ukoko mweupe kwenye birika la chai.

Rozimari si dhaifu kwa chumvi, inaota hadi kwenye majabali ya ufukweni, na wengi hulieleza jina lake la Kilatini kuwa ni umande wa bahari. Lakini kwenye ndoo haina pa kukimbilia. Angalia kama kuna utando mweupe juu ya udongo au kwenye ukingo wa ndoo. Onja maji. Ukisikia chumvi ulimini, mwagilia maji ya bomba au ya mvua kila unapoweza, na unapotumia ya kisima, mwagilia mengi kwa mara moja mpaka yatoke chini, ili yaondoke na chumvi ya zamani. Usichanganye chumvi na ugumu wa maji. Maji ambayo sabuni haitoi povu ni magumu, yana chokaa, na rozimari haina ugomvi mkubwa na chokaa.

Kumwagilia utajua mwenyewe kwa kidole. Kichomeke kwenye udongo hadi kiungo cha pili. Ukikuta unyevu, ondoka. Ukikuta pakavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha usiiguse tena mpaka pakauke. Kwa ndoo ya lita 20 yenye udongo niliokueleza, juani, katika miezi ya upepo kuanzia Julai hadi Oktoba, kwangu inatoka mara moja kila siku nne hadi sita. Mmea mchanga hunywa mara nyingi zaidi, uliokomaa na kupandwa ardhini unaweza kukaa wiki mbili. Hizi si sheria, kidole ndicho sheria.

Na itoe barazani. Jua la muda wa saa sita au zaidi kila siku ndilo linaloipa mafuta yake. Ila usiitoe ghafla: ianze na jua la asubuhi tu, siku saba au kumi, ndipo uiache juani kutwa.

Mgonjwa uliye naye sasa mfanyie hivi. Kesho asubuhi laza ndoo ubavu, utoe mmea na udongo wake. Mizizi hai ni ya rangi ya maziwa au kahawia hafifu na ukiibana ni migumu. Iliyooza ni myeusi, ukiivuta ngozi inachubuka na kubaki uzi, na harufu yake utaijua. Kisha kwaruza shina kwa ukucha, ukianzia chini. Kijani chini ya gome maana yake uhai upo. Kama nusu ya mizizi ni mizima na shina la chini ni la kijani, kata yote iliyooza kwa mkasi msafi, punguza matawi theluthi moja, ipande kwenye udongo mpya, mwagilia mara moja, iweke penye mwanga bila jua kali kwa siku kumi, na ujizuie. Kama shina la chini ni jeusi, usijitese. Majani yanayopukutika kwa kuguswa yananitia hofu kwamba umefika huko, na nisingependa upoteze miezi miwili ukingoja kisichorudi.

Hata hivyo, ukikuta matawi mawili matatu ambayo ncha zake bado ni za kijani, kata vipandikizi siku hiyohiyo. Sentimita 10 hadi 15, sehemu changa iliyoanza kukaza lakini haijawa mti. Pukuta majani ya nusu ya chini, chomeka kwenye kopo la mchanga mnene uliolowa kidogo, funika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, kifuniko chake wazi, weka kwenye kivuli chenye mwanga. Mizizi hutoka kati ya wiki nne na nane. Ukivuta taratibu na kikang'ang'ania, kimeshika. Chomeka kumi upate hata vinne. Kama wako umekwisha kabisa, omba matawi kwa mwenye rozimari ya zamani hapohapo mjini. Mmea ambao umeshapita mvua mbili za Dodoma umethibitisha kwamba unaweza, na watoto wake watafanana nao kabisa. Mbegu sikushauri, huota taratibu na chache. Ukiona pakiti imeandikwa Rosmarinus officinalis au Salvia rosmarinus, ni mmea uleule. Wataalamu wameuhamishia kwenye jenasi nyingine katika miaka ya karibuni, lakini bado ni wa ukoo wa nanaa na mrehani.

Ikishastawi, tahadhari moja kwa watu wa Dodoma hasa. Tumezoea zabibu. Mkulima wa Mpunguzi au Hombolo hupogoa mzabibu mpaka ubaki kigogo, nao unachipua na kuzaa. Ukiipogoa rozimari hivyo, umeiua. Kwenye tawi lake la zamani lililokwisha majani karibu hakuna macho yaliyolala yanayongoja kuchipua. Kata daima kwenye sehemu yenye majani, usizidi theluthi moja kwa mara, na ukivuna kidogokidogo kila wiki kwa ajili ya jikoni, umeshapogoa. Unga mweupe ukijitokeza juu ya majani ni ubwiri unga, ileile familia ya maradhi wanayoijua wakulima wa zabibu, na dawa ya kwanza ni kuipa nafasi na upepo. Utando mwembamba kama wa buibui na majani kupauka ni utitiri: uogeshe mmea kwa maji yenye nguvu chini ya majani, asubuhi, siku kadhaa.

Kuhusu nywele nitasema machache kwa kuwa si fani yangu. Utafiti uliochapishwa 2015 ulilinganisha mafuta ya rozimari na dawa ya kuotesha nywele iitwayo minoxidil ya asilimia 2 kwa watu 100 wenye upara wa kurithi, kwa miezi sita, na matokeo yalikaribiana. Yale yalikuwa mafuta yenyewe ya rozimari, si maji ya kuchemsha majani, kwa hiyo usiyapandishe matarajio. Nywele zikikatika kwa mabaka ya duara au ngozi ya kichwa ikiuma na kutoa magamba, nenda kwa daktari wa ngozi. Na kama una ujauzito, majani machache kwenye nyama ya kuchoma hayana neno, lakini mafuta yenyewe usiyatumie bila kumuuliza mhudumu wa afya.

Kuna hali ambazo ushauri wa kuandikiana hautoshi. Ukibadilisha udongo na ndoo, ukamwagilia kwa kidole, na bado ncha zikawa kahawia wakati mizizi ni myeupe na mizima, basi ni maji. Vilevile kama na miti mingine uani, mpapai, mlimao, inaonyesha majani yaliyoungua kingo, usiendelee kubahatisha. Jaza chupa safi ya lita moja kutoka kisimani, baada ya kuyaacha yatiririke kidogo, na mfuko wa udongo kama kilo moja, umwone afisa ugani wa kata yako akuelekeze pa kupimia chumvi. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Makutupora kiko hapo hapo Dodoma na wanaijua ardhi hii kupitia zabibu. Nawe una bahati ya kuishi Nzuguni: Agosti, maonesho ya Nanenane yakianza, maafisa hao wanakuwa mlangoni kwako. Nenda na mmea wenyewe, ukiwa na mizizi yake ndani ya mfuko, si picha ya majani tu.